Suti ya Njano Msituni Meru

Chekeni kwanza mmalize, maana aibu yenyewe nimeshaizoea: mimi ndiye yule msichana aliyekatwa nguo kwa mkasi wa kupasulia vyura, mbele ya darasa zima la baiolojia, tena siku ya kwanza tu ya ziara ya msituni.

Kosa lilianzia nyumbani, Sekei. Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kumwagika mjini, na mama alikuwa akiiuza sokoni Ngaramtoni. Katika robota moja ikatoka suti ya theluji, njano ya kung'aa, kipande kimoja toka kofia yenye manyoya hadi miguuni, zipu moja ndefu mbele (nani Arusha angeivaa, hata mama hakujua). Akasema isiguswe mpaka apate mteja. Mimi nikaichukua kimyakimya, kisa wenzangu watakwenda na masweta ya shule yaliyochoka na mimi nataka kuonekana.

Mwalimu Massawe alikuwa ametangaza kwamba atakayepata aina nyingi zaidi za wadudu kufikia jioni ndiye atakayepanda Mlima Meru kesho yake na mtu wa misitu, wengine watabaki kambini kubandika majani kwenye karatasi. Nafasi hiyo niliitaka kuliko chakula.

Basi tukashuka kwenye lori juu ya kijiji cha Maji ya Chai, tukaingia msituni, na suti ikaanza kelele, kila hatua chwii chwii, mbega wakakimbia, vipepeo wakakimbia, jasho likanitiririka hadi viatuni, na chupa yangu ya wadudu ikabaki tupu. Saa saba nikabanwa na haja ndogo. Zipu ikagoma. Rafiki yangu Neema akaivuta mpaka kishikio kikabaki mkononi mwake, nami nikakaa chini nilie kidogo (nilikalia siafu).

Yowe nililopiga lilimleta mwalimu mbio na mkasi wake. Akaikata suti toka shingoni hadi gotini, nikachomoka na bukta ya michezo, nikakimbilia kichakani huku darasa likigaragara kwa kicheko.

Niliporudi wote walikuwa wamemzunguka mwalimu. Mwalimu ameitandaza suti juu ya shuka jeupe, anachomoa kwa kibano wadudu walionasa kwenye manyoya.

"Wadudu wengi wakiona njano wanajua ni ua," akasema. "Huyu ametembea msituni kama ua kubwa."

Nyuki, nzi wa kijani, mbawakawa wekundu, siafu wenye vichwa vikubwa. Alipomaliza kuhesabu alifika aina kumi na tisa.

"Mwalimu, huyu hakukamata, amekamatwa," akalalamika Elibariki, aliyekuwa na kumi na moja.

"Mtihani hautauliza nani alimkamata nani."

Kesho yake nikapanda, miguu imevimba, nimevaa sweta la Neema lililochoka, nikaiona Arusha yote iko chini yangu, na furaha niliyosikia siwezi kuificha hadi leo.

Nyumbani nikaanza na heshima. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Suti yangu iko wapi?"

Nikamtolea suti ilivyopasuliwa, nikamweleza yote. Tangu hapo nimeapa, sivai nguo ya zipu kabla sijaifungua na kuifunga mara tatu. Mama naye aliishona suti kwa uzi mweusi, akaitundika mbele kabisa ya kibanda chake, na kila aliyeuliza bei alimjibu, "Haiuzwi. Hiyo ndiyo iliyompandisha mwanangu Meru."