Sitaki Kusomewa

Kazi yangu ni kupiga pasi. Chumba chetu cha dobi kiko nyuma ya jengo, dirisha ni moja na halifunguki, na mvuke unapanda tangu mashine zinapowashwa mpaka tunapotoka. Mikono imezoea. Macho yamekataa. Nilijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima nikiwa tayari na mvi, na mara herufi za vitabu zikaanza kunikimbia kama sisimizi. Mwalimu wetu akaniambia kuna kifaa cha kusomea vitabu, unakuza maandishi mpaka yakutoshe. Nikaanza kuweka akiba.

Dukani nilikwenda na wifi yangu, dada wa yule aliyekuwa mume wangu. Kaka yake alinikimbia, yeye akabaki, na hakuna anayemsema kaka yake vibaya kumzidi yeye, isipokuwa mimi.

Muuza duka, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyopandishwa kipajini, alituwekea vifaa viwili juu ya meza ya kioo. Akawasha kimoja, akanipa, akaenda kumhudumia mteja mwingine. Aliporudi akaniuliza, "Mama, umesoma?"

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, na kila anayeuliza huwa ameshanitazama viatu na kupata jibu.

"Sijasoma. Kwani mnawauzia wasomi peke yao?"

Akakinyooshea kidole kifaa nilichokishika. "Mama, nauliza kama umesoma hapo kwenye kioo. Kama maandishi unayaona."

Wifi alicheka mpaka akaishika meza. "Tusamehe, kaka. Huyu ukimwamkia vibaya anakupiga pasi na wewe."

Nilicheka kidogo, nikaangalia vifaa. Cha kwanza kiling'aa kama simu, tena kilijua kusema. Ukikibonyeza, mwanamume mwenye sauti tamu anakusomea kitabu kizima. Cha pili kilikuwa bubu. Kioo chake kilifanana na karatasi ya gazeti, hakikuwa na rangi, na kurasa zake zilifunguka kwa kujivuta. Bei zilikaribiana.

"Ujitese ya nini?" akasema wifi. "Chukua kinachosema. Wewe unapiga pasi, mwanamume anakusomea. Mwanamume gani mwingine atakufanyia hivyo?"

"Kaka yako alinifanyia."

Alijua ninachosema. Miaka ile simu ilikuwa moja nyumbani, na ilikaa mfukoni mwa mume wangu. Dada yangu akituma ujumbe kutoka kwetu, yeye ndiye aliyenisomea. Alisoma vizuri, kwa kutua, kama mtangazaji wa redio. "Wazima wote, wanakusalimu." Kumbe dada alikuwa ameandika kwamba mama yu mahututi, ananiita. Sehemu hiyo aliiruka. Hakutaka kubaki bila mtu wa kumpikia. Nilipata habari mama ameshazikwa, na mume wangu akasema, "Si ungejifunza kusoma?"

Hata hivyo nilikijaribu kile kinachosema, maana sauti ilikuwa nzuri kweli na macho yangu ni mabovu kweli. Muuza duka akaanzisha, nami nikafuata maandishi kwa kidole. Mstari wa kwanza tulikwenda pamoja. Wa pili sauti ikanitangulia. Kufika katikati ya ukurasa sikujua yule bwana yuko wapi, wala kama ameacha kitu njiani.

"Haruki, mama," akasema muuza duka. "Ni mashine."

"Nakuamini. Lakini mimi nitakuwa nimekaa tu, nikimwamini na yeye."

Nikachukua kile bubu. Nikakuza maandishi mpaka mstari ukabaki na maneno machache, makubwa kama vibandiko vya nguo pale kazini. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, nikikwama, nikirudi, nikikwama tena. Wateja wawili waligeuka kutazama. Niliendelea.

"Hiki hakina taa ndani," muuza duka akanitahadharisha.

"Taa ninayo nyumbani. Nifungie hiki."

"Kwa mwendo huo," akasema wifi tukitoka, "kitabu utakimaliza meno yameshaisha."

"Kwani nasoma kwa meno?"

Sasa nasoma wakati wa chakula cha mchana, nimekalia furushi la mashuka, kwa sababu pale mlangoni kuna mwanga. Kitabu kinahusu mke wa mfanyabiashara anayeanza kunusa manukato ya mtu mwingine kwenye mashati ya mumewe. Nilimsimulia wifi mwanzo wake, na tangu hapo hanipi raha. Kila akija kwangu nyumbani ananiuliza kabla hata ya kukaa.

"Enhe, ameshamfumania?"

"Sijafika hapo."

"Wewe nawe! Si ufungue kurasa za mwisho tujue?"

"Sijafika hapo, wifi. Kaa unywe chai."