Rasiberi za Kogo na Kidole Kilichonyooka

Kabla sijasema chochote, uniahidi kwamba haya hutayafufua kule Sigowet. Wanawake wa kanisa la huko bado wapo, wale waliobaki, na wana masikio. Umeahidi? Sawa. Mimi pia niliahidi. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alinishika sikio akaniapisha nisiseme kwa mtu, na siri hiyo niliitunza kutoka jikoni hadi mtoni, ambako nilimkuta rafiki yangu Chebet. Kwa hiyo wewe si wa kwanza kuambiwa, usijivune.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, boma letu lilikuwa juu kidogo ya Kapsoit, majani chai mbele, mahindi na ng'ombe nyuma. Baba mdogo alikuwa akitunza bustani ya meneja mmoja wa shamba kubwa la chai. Meneja alipohama, baba mdogo alirudi nyumbani na vijiti vitano vyenye miiba, vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji.

"Hii ni rasiberi," alimwambia Kogo. "Mzungu anakula na maziwa."

"Anakula miti?"

"Matunda yake, mama."

Kogo alivipanda nyuma ya jikoni. Akavipa majivu, akavipa samadi, akavifunga kwenye vigingi kwa vipande vya gauni lake la ndani. Alivitunza kuliko alivyotutunza sisi. Mvua ya mawe ikianza kugonga mabati, alikimbia na mabeseni kuvifunika, na sisi tukibaki nje tunagongwa vichwa, hakuna aliyetuuliza. Mwaka wa pili vikazaa. Tunda jekundu, laini, kama kofia ndogo ya kufuma.

Mama Njeri, aliyekuwa na duka pale Kapsoit na aliyekuja kwetu kununua maziwa, aliyatazama akacheka.

"Kogo, si hizi ni ndare, zile za porini? Kwetu hizi ni za mbuzi."

"Basi kwenu mbuzi wanakula vizuri," Kogo akamjibu. "Hii si ile ya msituni. Hii ilipanda ndege."

Lakini maneno yalimuuma. Jumapili hiyo hiyo akasimama kanisani akawaalika wanawake wa ushirika wa Sigowet waje kwetu Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Kila mama, alisema, atapata kikombe kizima cha tunda ambalo Kericho hii haijaona. Na akaapa kwamba yeye mwenyewe hataonja hata moja kabla ya wageni.

Sasa, kwetu kulikuwa na jambo ambalo kila mtoto alilijua kabla ya kujua kuhesabu. Malenge machanga hayaonyeshwi kwa kidole kilichonyooka. Unakunja ngumi, unaonyesha kwa ngumi. Ukinyoosha kidole, tunda linaona haya na kuanguka. Kogo alisema kwamba kama malenge yenyewe, na ukubwa wake wote, yanaanguka, je, haka kakofia? Akatupanga mstari tukafanya mazoezi ya ngumi. Hata Mama Njeri, aliyekuja tu na mkebe wake wa maziwa, alifundishwa.

Mimi nilinyoosha kidole. Hapo ndipo penye kosa langu na silifichi. Chebet alikuja, akaniuliza liko wapi hilo lililopanda ndege, na kabla sijafikiri kidole kikawa kimeshatoka.

Kesho yake asubuhi matunda matatu yaliyokuwa yameiva hayakuwapo.

"Kuna mtu amenyoosha," Kogo alisema, akijifuta mdomo kwa kona ya leso.

Dawa yake ilijulikana: unakiuma kile kidole. Nilikiuma. Kesho yake yakapotea matano, nikakiuma zaidi. Kufikia Alhamisi kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi na mwalimu alinirudisha nyumbani kwa kushindwa kushika kalamu. Kogo akakifunga kwa kitambaa.

"Umeumwa na nini, Chelangat?"

"Siafu."

"Siafu mwenye meno manne ya mbele na pengo moja?"

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Aliniangalia muda mrefu, kisha, ajabu, hakuuliza tena. Nilidhani ni huruma.

Jioni hiyo akatangaza mbele ya nyumba nzima kwamba aliyenyoosha atajitokeza mwenyewe mbele ya wageni, aombewe, na Krismasi hataenda Chebunyo. Wewe hujui Chebunyo ilikuwa nini kwangu. Shangazi yangu aliishi huko, alikuwa na mbuzi sitini na redio, na nilikuwa nimehesabu miezi tangu Februari. Nililala nimekumbatia kidole changu kama maiti.

Jambo moja lilinishangaza, lakini mtoto hashangai vizuri. Chini ya miti hakukuwa na tunda hata moja. Malenge yakianguka, unayakuta chini yanaoza. Haya yalikuwa yanaanguka wapi? Nilimuuliza Kogo. Akasema haya ya ndege yanaanguka kwenda juu. Nikaamini, kwa sababu sikuwa nimepanda ndege.

Jumamosi ikafika. Wanawake ishirini na wawili wa Sigowet wakashuka na nyimbo, wamevaa sare zao nyeupe. Kogo naye alivaa yake, nyeupe kama maziwa, yenye mfuko mkubwa mbele wa kuwekea kitabu cha nyimbo. Mama Njeri hakualikwa ila alikuja na mkebe wa maziwa, akasimama pale karibu kabisa. Vikombe vilikuwa vimepangwa mezani, vitupu.

Kogo akawapeleka wageni nyuma ya jikoni. Mitini kulikuwa na matunda ya kijani, na mekundu labda mawili.

"Mama zangu," akaanza, na sauti ikatetemeka vizuri, "nilikuwa na beseni zima. Lakini kwa boma hili kuna kidole."

Wanawake wakaguna kwa masikitiko. Kuhusu vidole walijua.

"Mwenye kidole ajitokeze."

Chebunyo ikanipita machoni, mbuzi wote sitini. Nikajitokeza. Nikapiga hatua mbili, nikafungua mdomo kukiri, na nikaona mfuko wa Kogo.

Kulikuwa na doa. Dogo, kama kifungo. Nikiwa bado nalitazama likawa kama sahani ya kikombe, jekundu, linashuka.

"Kogo," Mama Njeri akasema polepole, "unatoka damu."

"Wapi?"

Wote wakaanza kutafuta kidonda. Basi mimi nikamwonyesha. Kidole kile kile, kimevimba, kitambaa kikining'inia, kimenyooka kabisa.

Sasa na mimi naitwa kogo. Nina wajukuu wawili, na vile vijiti vitano vimekuwa ua zima. Nimefikiria sana kuhusu mwanamke yule. Alizaa watoto tisa. Sijawahi kumwona akila yai zima, wala paja la kuku, wala kumaliza chai yake bila mtu kumwomba iliyobaki. Nadhani asubuhi moja alionja tunda moja kujua kama limeiva, na likawa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakukikata nusu. Na mtoto mwenye kidole kilichoumwa akajileta mwenyewe, tayari. Nani angekataa? Mimi nisingekataa. Sitasema zaidi, wajukuu wangu wanajua kusoma.

Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Nilichoona ni Kogo akitia mkono mfukoni haraka kulificha doa, akafinya, na kuuchomoa mkono ukiwa mwekundu hadi kwenye saa yake ya mkononi. Alitaka kuninyooshea kidole, kikatoka kinadondoka maji mekundu, akakumbuka, akakikunja.

Alikuwa ametuonya kwamba ukinyoosha kidole matunda yataanguka. Yalianguka kweli, kutoka mfukoni, moja moja, kwenye nyasi, mbele ya Sigowet yote.