Mguu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea Temple Hills, huku Marekani, akiwa na kidonda kwenye unyayo, karibu na kidole kidogo, na hakumwambia mtu. Mke wangu alikigundua wiki ya pili alipoona soksi imelowa. Mama ameishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi na miguu yake imekufa ganzi. Alikuwa akikikanyaga kile kidonda kama mtu anayetembea juu ya zulia.

Kliniki walisema kisafishwe asubuhi na jioni. Jioni mke wangu angeweza, lakini asubuhi alikuwa ameshaondoka kwenda mji wa jirani wa Columbia, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Mimi nalinda jengo moja huko mtaa wa Shaw usiku, narudi na treni jua likichomoza. Kwa hiyo asubuhi tulibaki wawili nyumbani, mimi na yeye.

Kwetu magharibi mwa Kenya, mkwe na mama mkwe hawashikani hata mikono. Akiingia sebuleni, wewe unatafuta mlango. Tangu nioe sikuwahi kula naye meza moja, na sasa ilibidi nimshike mguu.

"Mama, hakuna mtu mwingine," nilimwambia siku ya kwanza, nimesimama mlangoni na beseni mkononi.

Alilitazama beseni. Kisha akajifunika leso mpaka machoni, akageukia ukuta, akausogeza mguu ukingoni mwa kitanda. "Basi fanya haraka, mkwe."

Nikanawa mikono, nikavaa glavu. Nikatoa bandeji ya jana, nikaosha kidonda kwa maji ya chumvi ya chupa, nikapaka ayodini, ile dawa ya kahawia inayotia doa kila kitu, nikafunga upya. Nilipomaliza nilijitupa kitandani bila kula. Ikawa hivyo kila asubuhi, na kidonda hakikupungua hata kidogo.

Siku moja akauliza kutoka chini ya leso, "Hiyo dawa mbona haichomi?"

"Si kali, Mama."

"Dawa isiyochoma si dawa. Nipakie spiriti."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hata ningemmwagia maji ya moto asingejua.

Aliyemwambia ni nesi wa vidonda pale kliniki, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Alimwamkia "Shikamoo, Mama" kwa adabu nyingi, na mama, ambaye kwao hakuna anayeamkia hivyo, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Spiriti itaunguza nyama changa inayoota," nesi akamwambia. "Hata hii ayodini kazi yake ni kuua vijidudu tu. Kinachofunga kidonda ni sukari kushuka, na wewe kutoukanyagia mguu."

"Na mbona sisikii kitu?"

"Mishipa ya fahamu imekufa, Mama. Hutasikia."

Mama aliutazama mguu wake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa ashikilie.

Alipewa kiatu kikubwa cha kupunguzia unyayo uzito, akakichukia. Mara mbili nilimkuta jikoni pekupeku, anasonga ugali. "Nimechoka kukaa kama mgeni," akasema. Ningepaswa kumgombeza. Nilikuwa nimechoka pia, nikavuta tu kiti nikamwomba akae.

Kuna asubuhi niliyotoka kazini nikiwa hoi kabisa. Nilikaa chini, nikauweka mguu wake mapajani, nikafungua bandeji, na hapo usingizi ukanichukua. Nilipozinduka jua lilikuwa limefika katikati ya chumba. Mguu ulikuwa palepale. Mama alikuwa amekaa wima kitandani, leso mabegani, ananitazama usoni.

"Mama, mbona hukuniamsha?"

"Ningekuamsha nikupeleke wapi? Ulikuwa unakoroma kama baba yake." Baba yake ni marehemu mumewe, baba wa mke wangu. Sikujua nicheke au niombe radhi. Nikavaa glavu mpya, nikaanza upya.

Mwezi uliofuata mguu ukavimba na kunuka. Ayodini haikuwa imeufikia ubaya uliokuwa ndani kwenye mfupa. Hospitali wakamkata kile kidole kidogo. Mke wangu alilia kwenye korido akiwa bado na sare ya kazi. Mama hakulia. Aliuliza tu watakitupa wapi.

Sasa tunatumia bandeji zenye madini ya fedha ya kuua vijidudu, na kiatu anakivaa bila kuambiwa. Mahali pa kidole pamefunga. Kidonda cha unyayoni bado kipo, kimebaki kama punje ya hindi, na safari yake ya kurudi Kenya imeahirishwa tena. Leo asubuhi, nikimwosha, aliniuliza kama nyumbani mvua imeanza. Nikamwambia sijui, nikiamka nitapiga simu.

"Utasahau," akasema.

"Nikumbushe, Mama."