Siku Fundi Subiri Alipoifuta Diski ya Spika

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mwoga. Nalisema hili mbele yake na yeye mwenyewe halikatai. Anaogopa radi, anaogopa soketi iliyolegea, anaogopa kupokea simu ya namba asiyoijua. Ukimwambia tu "nina habari," anashika kifua kabla hujamaliza. Sasa mtu wa namna hiyo akachagua kazi gani? Kazi ya kushika vitu vya watu ambavyo vikipotea havirudi! Anaweka magemu kwenye kompyuta na diski za watu, na mtaa mzima unamwita Fundi Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Unaingia, hata hujakaa: "Fundi, niwekee gemu la mpira." "Subiri." Unamwambia una haraka. "Ndiyo, subiri."

Chumba chetu cha kazi ni kimoja. Mimi nashona upande wa dirishani, yeye yuko upande wa ukutani na kompyuta yake, nyaya zake na benchi la wateja. Miaka yote hiyo cherehani yangu inamsikiliza, na nimeijua kazi yake kwa masikio. Magemu ya siku hizi ni makubwa kupita kiasi. Faili moja tu linaweza kuzidi giga nne. Na diski nyingi wanazotembea nazo watu zina fomati ya kizamani, ile inayosomeka kwenye kila kitu, kompyuta, runinga, mpaka redio ya gari. Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake, haipokei faili moja la zaidi ya giga nne, hata diski yenyewe iwe wazi kabisa. Ni kama chumba kikubwa chenye mlango mwembamba, kabati halipiti hata ulie. Kompyuta inasema faili ni kubwa mno, mteja anaanza kugomba: "Kubwa vipi na nafasi ninayo?" Basi inabidi diski ibadilishwe fomati, na njia ya haraka ya kuibadilisha inafuta kila kilichomo.

Hapo ndipo uoga wa wifi ulipokuwa na faida. Kabla ya kufuta diski ya mtu, lazima aiamrishe kompyuta ionyeshe mpaka vile vilivyofichwa, kisha avihamishie vyote kwenye kompyuta yake, hata viwe takataka tupu, akae navyo mpaka mwenyewe aseme basi. Mafundi wenzake wanamcheka. Mmoja aliwahi kumwambia, "Wewe dada, ungekuwa daktari, wagonjwa wangepona wenyewe kabla hujawashika." Wifi alicheka, akaendelea na utaratibu wake.

Siku ninayoisema, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi mchana. Gemu jipya la mpira lilikuwa limetoka, na watu walijaa mlangoni kwetu kama vile tunagawa kitu cha bure. Kila mmoja na diski yake, kila mmoja anaogopa umeme usije ukaondoka kabla ya zamu yake. Kompyuta ya wifi nayo ilikuwa imejaa pomoni kwa gemu hilohilo, hapakuwa na pa kuhifadhi hata wimbo.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Spika. Huyu alikuwa mnadi wa nguo sokoni, na alikuwa na sauti, jamani! Akiwa upande ule wa barabara anatangaza shati, wewe upande huu unajikuta umeshaanza kulipenda. Kisha akaota uvimbe kooni, wakampasua, uhai ukabaki, sauti ikaenda. Jina halikuondoka. Watu wana roho ngumu kweli, lakini yeye mwenyewe ukimwita hivyo anacheka, mabega yanatikisika na hakuna kinachosikika. Sokoni siku hizi anapanga nguo tu, mwingine ndiye anatangaza. Akirudi nyumbani anacheza gemu la mpira. Aliwahi kuniandikia kwenye simu kwamba anapenda kucheza kwa sababu humo hakuna anayemsubiri aongee.

"Kuna kitu humu ndani?" wifi akamuuliza.

Spika akatikisa kichwa. Hakuna.

Wifi akaifungua diski. Tupu kweli, hata faili moja. Ila ule mstari unaoonyesha nafasi ulisema kuna sehemu imetumika. Nilimsikia akinong'ona, "Sasa mbona imetumika?" Nyuma yake jamaa mmoja mwenye diski mbili mkononi akapayuka, "Virusi hivyo, fundi! Futa twende, umeme utaondoka huu!" Wengine wakadakia. Na kweli, wifi ameshaona diski nyingi za namna hiyo, zinaonekana tupu kumbe virusi vimejificha. Akawaangalia wale watu, akaiangalia taa juu. Akafuta. Akaipa diski fomati mpya, gemu likaanza kuingia, watu wakapiga makofi.

Hata makofi hayajaisha, mke wa Spika akaingia. Yeye hupiga pasi kwenye nyumba ya wageni hapo jirani, na alikuwa bado na aproni ya kazi, amemshika mtoto wao mkono. Hakutusalimu. Akamwendea mumewe moja kwa moja.

"Nimepita nyumbani, diski nyeusi haipo kabatini. Umeichukua?"

Spika akamwonyesha kompyuta.

"Hamjafuta kitu, lakini? Fundi! Hujafuta kitu?"

Wifi akaikimbilia kompyuta. Akalisimamisha lile gemu lisiendelee kuingia. Ikabidi niulize mimi. "Kwani kulikuwa na nini, dada?"

"Sauti yake," akasema.

Akatueleza pale pale amesimama. Kabla ya upasuaji, mimba ikiwa kubwa, alikuwa akimrekodi mumewe akiongea na mtoto aliye tumboni, maana daktari alishawaambia sauti haitabaki. Baada ya upasuaji Spika akawa hataki hata kusikia habari za hizo rekodi. Akamwandikia mkewe azifute zote. Mkewe akamwambia amezifuta, kumbe kaziweka kwenye diski na kuzificha zisionekane, asije akazikuta siku ya hasira. Alikuwa anangoja mtoto akue kidogo aelewe anachokisikia. Mtoto mwenyewe ndiye huyo, kaanza kuongea mpaka anachosha, na hajawahi kusikia hata neno moja la baba yake.

"Mtu asiguse chochote," wifi akasema. "Asiguse meza. Wengine wote tokeni nje, tafadhalini."

Walitoka. Hata yule wa diski mbili alitoka kimya.

Wifi akatueleza. Ukifuta diski kwa njia ya haraka, unabandua majina tu, vitu vyenyewe bado vimelala mahali pake mpaka kitu kingine kije kivikalie. Gemu lilikuwa limeshaanza kuingia, kwa hiyo kuna vilivyokaliwa. Vipi na vingapi, hakuna anayejua. Ana programu ya kuipekua diski na kuokota kilichobaki. Inakwenda taratibu, na umeme ukikatika katikati, hajui diski itaamkaje.

Akaondoa gemu moja kompyutani mwake apate pa kuweka vitakavyookolewa, akaianzisha. Basi tukakaa hapo, na mimi sijawahi kuogopa mstari unaotembea kwenye kioo kuonyesha kazi imefika wapi kama nilivyouogopa ule. Ulikuwa hausogei. Ukiukodolea macho umesimama, ukitazama pembeni umesogea ukucha. Mara taa ikapepesa. Wifi akatoa mlio mdogo, akaishika meza kwa mikono yote miwili kama vile umeme unatoka humo. Taa ikatulia. Ikapepesa tena. Nikazima cherehani, nikazima feni, nikazima hata pasi iliyokuwa imeshapoa, nikidhani labda nitausaidia umeme.

"Ukiipoteza," mke wa Spika akamwambia wifi, si kwa ukali, na heri angegomba, "sijui nitamwambia nini huyu mtoto. Nitamwigizia mimi? Mimi nitaiweza sauti ile?"

Wifi alikuwa analia bila kuyaondoa macho kwenye kioo. "Nisamehe, dada yangu. Sikuangalia vilivyofichwa. Kila siku naangalia."

Spika alikuwa ameegemea ukuta. Akaandika kitu kwenye simu, akanipa nimsomee mkewe. Nilikisoma kimoyomoyo kwanza, nikashindwa kukisema, nikampa mwenyewe asome. Alikuwa ameandika: *Mimi ndiye niliyetaka zifutwe. Sasa naogopa kuliko siku ya kisu.*

Mstari ukafika mwisho mchana umeshaanza kupoa. Zikatokea faili chache, hazina majina, namba tu. Wifi akabonyeza ya kwanza. Kimya. Ya pili ikatoa mkwaruzo mkali, mtoto akaziba masikio. Ya tatu haikufunguka kabisa. Iliyofuata, mkwaruzo. Mke wa Spika alikuwa amefumba macho, na kila moja ikigoma anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepigwa na hataki kupiga kelele. Ikabaki moja. Wifi alinigeukia, na nilijua anataka mimi ndiye niibonyeze. Nikamwambia, "Bonyeza, wifi. Nipo hapa."

Akabonyeza.

"Hiki kitu kimeanza? Mbona hakiwaki taa?" Chumba kizima kikajaa. Ilikuwa ni yeye, ile sauti ya sokoni, nzito, yenye kicheko ndani. "Eh, mke wangu, unanitia aibu, naongea na tumbo mimi! Watu wakisikia watasema nimechanganyikiwa. Haya, haya, naongea. Mtoto, hujambo? Mimi ni baba yako. Nina kelele kidogo, utanizoea. Ukisikia mtu anapiga makelele huko nje, usiogope, ni mi—"

Ikakatika. Gemu lilikuwa limekalia kilichobaki. Hakukuwa na nyingine, na haitakuwepo.

Mke wa Spika alikaa chini sakafuni, aproni usoni. Mtoto naye alikuwa amejificha nyuma yake, amejikunyata, maana hajui mwanamume gani huyo ameingia chumbani kwa kelele na haonekani.

"Nani huyo?" akauliza.

Spika akatoka ukutani, akapiga magoti mbele ya mwanawe, akajigusa kifua. Mtoto akamtazama. Akaitazama kompyuta, akamtazama tena baba yake, mdomoni kabisa, kwa muda mrefu. Kisha akatoka nyuma ya mama yake, akasogea.

"Baba," akasema, "sema tena."

Spika alifungua mdomo. Wifi, machozi bado yanamtiririka, akairudisha ile rekodi mwanzo.