Msala wa Bi Arafa

Ukindu ukilowekwa una harufu yake. Si ya kupendeza, nisikudanganye. Unanuka kama nyasi kavu zilizonyeshewa mvua kisha zikafunikwa gunia. Wiki iliyopita nilipita sokoni kwa mama mmoja anayeuza vikapu, ameloweka kindu zake kwenye beseni, nikajikuta nimesimama hapo bila haja yoyote. Yule mama akadhani nataka kununua, akanitajia bei. Sikununua. Mawazo yangu yalikuwa yamesharudi Temeke, nina miaka tisa, magoti yamejaa vumbi, na mbele yangu ameketi Bi Arafa ananikodolea macho kwa sababu nimeruka jani katika kusuka.

Zama hizo zilikuwa za Mwingereza. Baba alikuwa karani kwenye ghala la serikali huko mjini. Tulikuwa tumeshuka kutoka milima ya Upare mwaka uliotangulia, tukapanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Arafa. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, vyumba sita vikitazamana, ukumbi mrefu katikati, na paa la madebe yaliyobondwa. Mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwenzake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mihogo, na baada ya mihogo, mihogo mingine. Watu wa mjini walisema sisi tunakaa shamba. Baba hakupenda kabisa kuyasikia maneno hayo, maana kila asubuhi alivaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu, akapanda baiskeli yake, akaenda kuwa mtu wa mjini mpaka saa kumi.

Bi Arafa, mwenye nyumba, alikuwa mjane mfupi, mwembamba, msusi wa mikeka anayejulikana Temeke nzima. Alikuwa na desturi yake, nayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ramadhani ikibakiza siku kumi, aliwakusanya watoto wote wa nyumba ile chini ya upenu wa jikoni kila alasiri, Waislamu pamoja na sisi wa Kikristo, akatufundisha kusuka kitu cha kumpa mtu siku ya Idi. Wavulana walisuka vipepeo vya kupepea moto. Wasichana tulisuka ukili, ule utepe mrefu wa kindu, kisha tukaushona kuwa kikapu au kitanga kidogo. Krismasi ikikaribia alifanya vilevile, akisema nayo ina wenyewe. Kilichonunuliwa dukani hakikuhesabiwa kuwa zawadi.

Alikuwa na sharti moja tu. Zawadi haitajwi kabla ya siku yake.

"Ukishaitaja, ushaitoa," alituambia huku akipitisha macho kwa kila mmoja. "Asubuhi ya Idi utampa nini mamako, maneno?"

Sharti hilo tulilishika kuliko amri kumi. Kaka mmoja wa chumba cha mbele aliwahi kumnong'oneza dada yake habari za kikapu, na Bi Arafa akakifumua chote mbele yetu, jani kwa jani, bila kukasirika wala kusema neno. Tangu siku hiyo sote tulitia kufuli midomoni.

Mwaka ule wa pili wetu Temeke, nikiwa nasuka, niligundua jambo. Kila mtoto alikuwa anamsukia mama yake au baba yake. Hakuna aliyekuwa anamsukia Bi Arafa.

"Bibi, wewe nani anakusukia?" nikamuuliza.

"Mie? Nisukiwe nini, na nina mikeka hadi ya kuuza? Angalia mkono wako huo, unaacha matundu."

Akacheka, lakini mimi sikucheka. Palepale nikaamua kwamba Idi ile Bi Arafa atapata msala, mkeka wa kuswalia, kutoka kwangu. Wa kwake ulikuwa umeshachanika mahali anapopiga magoti. Shida ni kwamba kuhusu sala yao nilijua kile tu nilichokichungulia kupitia pazia lake. Nilimwona akisimama, nikamwona akiinama, nikamwona akishuka chini, na hapo ndipo siku zote mama alipokuwa akinivuta sikio na kuniondoa. Kwa hiyo mimi nikaamini kwamba akishashuka chini hulala kifudifudi, kichwa mpaka vidole. Msala ukiwa mfupi miguu ya bibi wa watu itabaki kwenye udongo. Ilinibidi nijue urefu wake.

Mchana, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Arafa alilala ukumbini kwenye kitanda cha kamba, kajifunika kanga gubigubi. Nyumba nzima ilikuwa kimya kwa saumu. Nikautoa ukili wangu nilioufichia kwenye kuni, nikanyata. Ncha moja nikaiweka utosini pake, nikaushusha taratibu juu ya kanga mpaka visiginoni, nikapiga fundo. Nilikuwa nimeshika pumzi. Lakini fundo lilimgusa unyayo, naye akaifunua kanga usoni.

Alinitazama mimi niliyeinama miguuni pake. Kisha akaufuata ule ukili kwa macho, kutoka mikononi mwangu, kupita magoti yake, kupita kifua, mpaka ulipopotea nyuma ya sikio lake.

"Nani kakutuma?" akauliza.

"Hakuna, bibi."

"Naetwe. Nani kakutuma, mwanangu?"

Hakuwahi kusema nami kwa sauti ile. Ilikuwa laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga. Nilitamani kumwambia. Lakini sharti lilikuwa lake mwenyewe, na kikapu kilichofumuliwa nilikuwa nimekiona kwa macho yangu.

"Sijatumwa na mtu," nikasema.

Akanyoosha mkono, nikampa ukili. Akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akaingia chumbani.

Kesho yake hapakuwa na kusuka. Wala keshokutwa. Bi Arafa alianza kugawa vitu. Sufuria lake kubwa alimpa Mama Sikujua, mpangaji mwenzetu kutoka kusini aliyekuwa akipika vitumbua. Chungio aliloazima kwa jirani alilirudisha. Alifungua sanduku lake, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akakianika juani asubuhi moja, akakikunja tena. Jioni alifuturu kwa tende moja na maji. Halafu akapita chumba kwa chumba kuwaomba wapangaji radhi, hata watoto. Aliponifikia mimi akaniambia, "Nikiwa nimekukosea, nisamehe." Nikamjibu, "Nimekusamehe, bibi," nikajiona mkubwa sana kwa kumsamehe mtu mzima, ingawa sikujua kosa lenyewe ni lipi.

Mimi nilikuwa na shughuli zangu. Ukili wa kwanza ulikuwa umechukuliwa, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya jiko nasuka mwingine mbiombio, nikikisia urefu kwa kitanda chake. Niliona nyumba imenyong'onyea. Nikadhani ni njaa ya saumu.

Siku mbili kabla ya Idi mama alikwenda kisimani na Mama Sikujua. Alirudi na debe kichwani limebaki nusu, maji mengine yamemlowesha mabega yote. Hakulitua taratibu kama kawaida yake. Alinikuta nyuma ya jiko na sindano ya mkeka mkononi.

"Ulimpima Bi Arafa akiwa amelala?"

Nikaificha sindano mgongoni.

"Naetwe, nakuuliza. Mama Sikujua ameniambia. Hapa kwao mtu hapimwi hivyo akiwa hai. Anapimwa akishakufa, kichwa mpaka miguu, wachimbaji wapate kujua urefu wa kaburi." Mama akajifuta maji usoni. "Bibi anajiandaa kufa. Amesema kaletewa kipimo chake, na Idi haioni. Nani alikutuma umpime?"

Nilitazama chini. Mama akaniinua kwa mkono mmoja, na hapo kile nilichokikalia kikaonekana, kipande cha msala kilichoshonwa vibaya, upande mmoja mpana kuliko mwingine.

"Hiki nini?"

"Bibi alisema zawadi haitajwi," nikajibu, na kilio kikanitoka.

Mama alikaa chini juu ya kuni, akakishika kile kitu akakigeuza huku na huku. Kisha akanikamata mkono, tukaenda kubisha hodi kwa Bi Arafa.

Alikuwa amekaa kitandani, kavaa kanga safi, ukili wangu wenye fundo uko mapajani. Mama, ambaye Kiswahili cha pwani kilimpa taabu hata siku asizokuwa na hofu, alisema tu, "Shikamoo, Bi Arafa. Mtoto ana neno," akanisukuma mbele.

Nililia kwa mambo mawili. Nilikuwa naogopa bibi atakufa, na nilikuwa naogopa zawadi yangu inaharibika. Nikanyoosha kile kipande kwa mikono miwili.

"Ni msala. Wa Idi. Nilitaka ukutoshe ukilala."

"Nikilala?"

"Ukiwa unaswali."

Bi Arafa aliutazama msala. Akanitazama mimi. Alikaa hivyo kwa muda, uso umetulia, hauna furaha wala hasira. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa pindo la kanga, na mama naye akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mtoto wa bara wewe!" akasema. "Umenigawisha sufuria langu!"

Alijifuta macho kwa muda mrefu. Kisha akanirushia ule ukili wa kwanza. "Haya, kashone. Na hiyo mishono yako kama ya gunia la mkaa uifumue, sitaki aibu siku ya Idi."

Siku ya Idi nilimpa. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba watu wawili wangeweza kusimama juu yake, mmoja nyuma ya mwingine. Wanawake waliokuja kumpa mkono walicheka sana, naye akawajibu kwamba nyie mmenunua, mie nimepimiwa. Nilitembea siku nzima na gauni langu jipya nikijua kwamba nimemwokoa mtu asife.

Niliamini hivyo miaka mingi. Mama ndiye aliyenieleza mengine, nami nikiwa nimeshazaa watoto wangu wawili. Kumbe Bi Arafa aliwahi kuwa na binti, mmoja tu, aliyeondoka kwa homa akiwa na umri wangu wa wakati ule. Siku ya msiba wachimbaji walipoomba kipimo, Bi Arafa alikata ukili aliokuwa anausuka asubuhi ile, akawapa. Alimwambia mama kwamba mchana ule alipofunua kanga na kuona mtoto wa kike miguuni pake ameshika ukili, alijua ametumiwa salamu na mwanawe. Hakuogopa hata kidogo. Siku zote zile alizokuwa akigawa vyombo na kuomba radhi alikuwa anafunga mizigo, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Sasa narudi kwenye ule muda mfupi kabla hajacheka. Nilikuwa nimesimama mbele yake, kamasi zinanitoka, na yeye ananitazama. Nilipokuwa mtoto nilidhani anatafuta kosa kwenye mishono. Leo na mimi ni mzee, nimewazika wa kwangu, na najua alikuwa anafanya nini. Alikuwa ameambiwa kwamba hakuna aliyemwita. Ilimpasa arudi kutoka alikokuwa ameshafika, avunje safari yake mbele ya mtoto wa wapangaji, na asimwonyeshe. Akachagua kucheka, nami nikacheka naye.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Alinifundisha kusuka mikeka ya kila namna, alinichezea ngoma harusini, alimbeba mwanangu wa kwanza. Kwa yote hayo nilimshukuru, tena mara nyingi. Kwa kubaki sikuwahi kumshukuru. Sikujua kama alikuwa na mahali pengine alipotaka kwenda.