Fundi wa Omu Nane

Wubishet alikuwa fundi wa majiko ya umeme ya kuokea injera, mikate yetu mipana myembamba, mtaani kwetu Dessie, Ethiopia, na alikuwa na roho mbaya. Nasema wazi, maana msibani kwake watu walimsifu mpaka nikaona aibu mimi.

Kazi aliijua. Umeme wetu ulikuwa dhaifu, taa zikiwaka nyekundu tu, na sahani ya udongo ya kuokea haikushika moto. Yeye alipima volti ukutani, akaamua ampea anazotaka, akagawa volti kwa ampea kupata omu, yaani ukinzani wa waya, kisha akakata koili kwa kipimo hicho. Injera ziliiva.

Mkewe, Etenesh, alimwacha. Siku moja kwenye kahawa akatuambia wanawake wenzake, "Yule anajua kupima kila kitu, ila shibe ya mkewe." Tulicheka sana. Wubishet alikuwa akipita dirishani, akasikia, akaenda zake.

Miaka ikapita. Mama yake Etenesh akafa, akamwachia sahani yake ya kuokea, nyeusi kwa mafuta ya siku nyingi, isiyogandisha injera hata moja. Arobaini ilipokaribia, koili yake ikakatika. Mapadri na mtaa mzima walikuwa waje kula, na kwetu kuishiwa injera siku hiyo ni kumwaibisha marehemu. Fundi mwingine hakuwepo, basi Etenesh akaenda kwa Wubishet. Mimi nilikuwa palepale nikisubiri pasi yangu.

"Gashe Wubishet, ya kale tuyaache. Nisaidie, ni sahani ya mama."

"Leo mimi ni Gashe, kaka wa kuheshimiwa? Haya kaa, bibie. Nani ana kinyongo hapa?"

Akaenda kupima umeme nyumbani kwa Etenesh, akarudi akihesabu kwa sauti. "Volti mia na sitini. Tunataka ampea ishirini. Gawa, omu nane. Zidisha volti kwa ampea, wati elfu tatu na mia mbili. Utaoka mpaka uchoke mwenyewe."

"Mungu akulipe."

Hesabu ilikuwa sahihi. Ila wiki hiyohiyo Wubishet alikuwa kibarua wa kuchimba shimo la nguzo ya transfoma mpya, na siku ya kuiwasha aliijua. Koili ya omu nane haibadiliki. Volti zikifika mia mbili na ishirini, ampea zinakuwa ishirini na saba na nusu, na wati zinapita elfu sita.

Asubuhi ya kuoka, taa ziling'aa, mtaa ukapiga vigelegele. Jikoni injera ya kwanza iliungua kabla Etenesh hajaifunika. Akadhani rojo la unga ni jepesi, akamimina tena. Sahani ikapasuka katikati. Maskini, akaikumbatia kwa viganja vyote viwili isiachane, na ngozi ikabaki juu ya udongo.

Mapadri walikula injera za kuombwa nyumba kwa nyumba. Wubishet naye alikuja, akala, akaomba aongezwe.

Baadaye Etenesh alinunua sahani nyingine sokoni. Akaibeba kwa mikono iliyofungwa vitambaa, akampelekea yeye, maana fundi mwingine bado hakuwepo. Akamwita Gashe. Wubishet akachukua kipima-volti chake bila haraka, na mbele yetu sote akamwuliza kama sasa ameshiba.