Jicho la Mzee Wima

Watu wakisema "usipoziba ufa, utajenga ukuta," huwa wanaonya. Mzee Wima aliipokea methali hiyo kama habari njema. "Waacheni wasizibe," alikuwa akisema. "Wote wakiziba, sisi waashi tutakula nini?"

Jina hilo alipewa kazini, likalifuta lile la kuzaliwa. Ukimwuliza hali, alijibu, "Wima." Chai ikikolea, ilikuwa wima. Hata mkwewe aliyemtelekeza binti yake alihukumiwa kwa neno hilohilo: "Yule hakuwa wima tangu siku ya posa." Lakini akishika mwiko, mzaha uliisha. Hapo neno lilibaki na maana moja tu. Funga kipande cha chuma kwenye uzi, uning'inize, uache utulie. Ukuta unaoufuata uzi huo ni wima. Usioufuata, hata ukiupaka rangi ya dhahabu, ni kaburi linalomsubiri mwenye nyumba.

Uzi na chuma chake ndilo timazi, na waashi wengine hawatoki nyumbani bila hilo. Yeye lake aliliacha kwenye sanduku. Alirudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja, akasema, "Wima," na wenzake wakipima wanakuta ni kweli. Majivuno hayo yalimpendeza maisha yake yote, nami simlaumu. Wengine tunajivunia vitu visivyoweza hata kubeba paa.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, mdomo ukanyooka. Alimshukuru Mungu akarudi kazini. Haukupita muda msimamizi akamwambia kwa upole, huku akitazama pembeni, "Mzee, pumzika kwanza. Tutakuita." Hakuitwa. Akawa mtu wa kukaa mlangoni, mikono mapajani, akiwasalimia wapita njia wanaokwenda kwenye shughuli zao. Alijenga nusu ya mtaa, na sasa hakuwa na tofali hata moja la kuweka juu ya jingine. Alikonda. Chakula kilimshinda. Alianza kuuliza, bila kucheka, kwa nini Mungu alimbakiza.

Binti yake alimwona anavyokwisha. Walikuwa wakiishi pamoja, binti na mwanawe mdogo wakilala sebuleni. "Baba," akamwambia, "nijengee chumba pale nyuma, mimi na mjukuu wako tupate pa kulala."

Mzee alilia, wala hakujificha.

Alijenga kama aliyerudishiwa roho. Ukuta wa kwanza ukamfika kifuani, ukampita kichwa. Akarudi nyuma, akafumba jicho. "Wima!" Binti akatoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akatazama. Macho yake yakapanda hadi juu ya ukuta, yakarudi chini.

"Unaonaje, mwanangu?"

"Wima, baba."

Mzee akachekelea kama bwana harusi. Wakati huohuo mjukuu, msichana mdogo mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, akaja na mwanasesere wake akaketi kivulini, chini ya ukuta.

"Toka hapo!" mama yake akapiga ukelele. "Toka upesi!" Akamkimbilia, akamnyakua kwa mkono mmoja, mwanasesere akabaki chini.

Mzee akamgeukia binti yake.

"Niliona misumari," binti akasema.

Hapakuwa na misumari. Mzee alikwenda ndani, akapekua sanduku, akarudi na timazi lenye kutu. Akalining'iniza kutoka juu ya ukuta. Likayumba, likatulia. Machoni pake uzi ulikuwa umelala upande, na ukuta ndio uliosimama. Akalamba kidole akapima upepo. Upepo haukuwepo. Akainama hadi chini: kati ya chuma na ukuta, ngumi yake nzima ilipita.

Akachukua tofali, akaliweka akifuata uzi. Alipoliachia, aliliona linaanguka, na mkono wake wenyewe ukalisukuma lirudi upande ulikopinda ukuta. Akajaribu tena. Mkono ukarudia vilevile. Akaliweka chini. Alielewa kwamba baada ya kiharusi jicho halikurudi kama mguu na mkono, na kwamba si ukuta huu peke yake. Ni kila ukuta atakaougusa mpaka afe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba?"

"Ungesema si wima. Basi."

Binti akaanza kulia. "Nilikuona unakula tena," akasema. "Nikaogopa."

"Na ungemlaza mtoto humo?"

Binti akamvuta mtoto karibu. Mzee akaokota mwanasesere, akampanguza vumbi, akampa mjukuu. "Nendeni mlangoni," akasema. "Msisogee."

Kisha akashika nyundo kubwa akaanza na matofali ya juu, akiyaangusha upande usio na mtu. Alipomaliza, alikusanya yaliyokuwa mazima, akayapanga vizuri, akamwambia binti atafute fundi. Mwiko akauosha, akauweka juu ya matofali hayo.

Jioni binti alimletea chai. "Hali yako, baba?" akauliza, akasubiri lile neno.

Mzee aliipokea chai kwa mikono miwili.

"Nipo, mwanangu," akasema.